Adapta ya PCI: kadi yangu ya sauti ya zamani imerudi kazini ndani ya kompyuta mpya

Kama una kadi nzuri ya PCI, yaani ya ile sloti ya zamani ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta, imelala kabatini kwa sababu kompyuta mpya haina pa kuichomeka, adapta yake ipo, inafanya kazi, na mimi naitegemea kwa riziki. Lakini zinazouzwa kwa sura ileile si zote sawa, na tofauti huioni mpaka uwe katikati ya kazi. Ndiyo maana nitaandika kwa kirefu kidogo.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za kaseti kuwa faili za kompyuta, hapa Ngamiani, Tanga. Watu wananiletea kanda za harusi, mawaidha, maulidi, taarabu za Black Star na Lucky Star walizozinasa redioni enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Na wananiletea kanda za barua. Wenye ndugu Uarabuni wanazijua: mtu yuko Muscat, anakaa chini na redio yake, anazungumza upande mzima wa kaseti, anampa msafiri aipeleke nyumbani. Kanda ya namna hiyo ni moja tu duniani, na mara nyingi mkanda wenyewe umeshachoka. Ukiuchezesha unataka kila kilichomo kiingie kwenye faili kikiwa safi, kwa sababu huna hakika kama utakubali kuchezwa tena.

Kadi ninayoizungumzia ni M-Audio Audiophile 2496, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namba hizo ndizo uwezo wake: biti 24, kilohezi 96. Nyuma ina matundu ya RCA, mekundu na meupe, mawili ya kuingiza sauti na mawili ya kutoa, kwa hiyo deki ya kaseti inaingia moja kwa moja bila kigeuzi. Haina sehemu ya maikrofoni, haina taa wala kitufe, haina lolote la kumvutia mtu dukani. Inachojua ni kupokea sauti kutoka deki na kuiandika jinsi ilivyo. Nimesikiliza vifaa vingi vya bei ndogo vya kuchomeka kwenye USB, vile vya plastiki vinavyokuja na waya wa AV, na kila kimoja kina ukelele wa chini unaojitokeza mzungumzaji akinyamaza. Kadi hii ukizima deki, unasikia kimya.

Kompyuta iliyokuwa imeibeba ilikuwa ya Core 2 Duo. Kapasita za madabodi zikavimba, ikaanza kujizima, na kwa umri wake haikuwa na maana kuitengeneza. Nikaunga nyingine: prosesa ya Core i5-12400, madabodi ndogo ya chipseti ya B660, RAM ya GB 16. Sloti ya PCI haina hata moja.

Hilo si la madabodi yangu pekee. PCI ilitoka mwaka 1992, PCI Express (kwa kifupi PCIe) ikaja kushika nafasi yake kuanzia 2003, na ilipofika 2011 Intel ikaiondoa PCI kwenye chipseti zake za kawaida. Madabodi nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo zikiwa bado na ile sloti nyeupe zilikuwa na chipu ndogo pembeni, inayopokea lugha ya PCIe upande mmoja na kutoa lugha ya PCI upande wa pili. Adapta tunazonunua leo ni chipu ya aina hiyohiyo, imetolewa kwenye madabodi na kupewa kibodi chake, yaani bodi ndogo, si kibodi ya kuandikia.

Yangu haina jina la kampuni. Imekuja kwenye mfuko mweupe ikiwa vipande vitatu. Kimoja ni kibodi kidogo kama kidole gumba kinachoingia kwenye sloti ya PCIe x1. Cha pili ni kebo ya bluu inayofanana kabisa na kebo ya USB 3.0. Cha tatu ni bodi yenye sloti mbili za PCI na tundu la umeme la Molex, lile la pini nne nene. Hapo kwenye kebo nawaomba muwe makini: umbo ni la USB, lakini kinachopita ndani ni ishara za PCIe. Usichomeke flashi kwenye kile kibodi, na usichukue ncha ya kebo ile kuipeleka kwenye tundu la USB la kompyuta. Mimi nimezungushia ncha zote mbili utepe mwekundu, maana dukani kwangu kuna vijana wanaonisaidia na mkono wa kijana hausomi kwanza.

Molex nayo si pambo. Sloti ya PCIe hutoa volti 3.3 na volti 12 peke yake, wakati kadi za PCI za enzi zile zinahitaji volti 5. Hizo zinatoka kwenye pawa saplai kupitia Molex. Kuna kadi za zamani, hasa za sauti, zinazotaka pia volti 12 hasi, na hiyo haipo kwenye Molex wala kwenye sloti ya PCIe, lazima adapta yenyewe iitengeneze. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Na kama pawa saplai yako haina Molex, epuka vile vigeuzi vya SATA (plagi bapa ya umeme wa diski) kwenda Molex ambavyo kichwa chake kimemiminwa plastiki nzima, vina sifa mbaya ya kuungua. Tafuta vile vilivyobanwa waya kwa waya.

Sasa chipu, ambayo ndiyo kiini cha yote. Adapta ya kwanza kuinunua ilikuwa nyingine, bei chini kidogo, ya kuchomeka moja kwa moja bila kebo. Kompyuta iliitambua kadi palepale. Nikaweka kanda yangu mwenyewe ya majaribio, huwa sianzi na ya mteja, ikaenda vizuri dakika kadhaa, halafu sauti ikaanza kukatika vipandevipande kama redio iliyopoteza stesheni. Kwenye rekodi za matukio za Linux, mfumo ninaoutumia badala ya Windows, kulikuwa na ujumbe kwamba kuna ishara ya IRQ (wito wa kadi kutaka kuhudumiwa) isiyo na mwenyewe, na mfumo umeizima.

Sababu yake inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi wakikutana nayo wanaitupa kadi wakidhani imekufa. Kadi ya PCI ikitaka kuhudumiwa huvuta waya maalumu, na ikishahudumiwa huuachia. PCIe haina waya huo. Chipu ya adapta hutuma ujumbe wa kuanza waya unapovutwa, na ujumbe wa kumaliza unapoachiwa. Zipo chipu ambazo mara mojamoja hupoteza ule ujumbe wa kumaliza. Kompyuta inabaki kuamini kadi bado inaita, inaiendea mara maelfu na kukuta haina shida, mwishowe inaamua kuifunga ishara hiyo. Kadi iko nzima, diski iko nzima, ila hakuna tena anayechukua sauti kwa wakati. Kwa printa hilo unaweza kuvumilia. Kwa kanda ya marehemu huwezi.

Adapta ninayoisifia hapa ina chipu ya Pericom PI7C9X111SL. Namba hiyo imeandikwa juu ya chipu yenyewe, kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya karibu, isiyo na kivuli, mpaka uisome. Nyingine yenye sifa nzuri kwa kazi hii ni XIO2001 ya Texas Instruments, ingawa kwenye adapta za bei ya watu wa kawaida sijaiona mara nyingi. Muuzaji akikujibu kwamba zote ni sawa, tafuta mwingine. Tangu nifunge hii ya Pericom sijaona ule ujumbe tena, na nimeiendesha kwa kanda za dakika 90 kuanzia mwanzo wa upande wa kwanza hadi mwisho wa pili.

Kuna wanaohofia kwamba kupitisha kadi kwenye adapta kutapunguza kasi. Tupige hesabu. PCI ya kawaida ina uwezo wa megabaiti 133 kwa sekunde. Njia moja ya PCIe, hata ya kizazi cha kwanza, ni megabaiti 250. Sauti ya stereo ya biti 24 kwa kilohezi 96 inahitaji kilobaiti 576 kwa sekunde. Njia imebaki tupu karibu yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi ya kuifunga. Adapta za kuchomeka moja kwa moja zina kasoro ya umbile: zinainua kadi juu, bati la nyuma halifikii skrubu yake, na kasha halifungi. Kadi inabaki inaning'inia, na kila ukivuta waya wa RCA inatikisika. Hii ya kebo inakuruhusu kuiweka utakapo, na hapo kasha langu kuukuu likaniokoa. Ni kasha la ATX, lina nafasi saba za kadi nyuma. Madabodi yangu mpya ni ndogo, inatumia nne za juu tu, kwa hiyo tatu za chini ziko wazi. Nikampelekea fundi wa aluminiamu jirani yangu kadi, bodi ya adapta na kasha lenyewe. Akakata kipande cha bati nene, akatoboa matundu manne, tukakifunga chini ya madabodi juu ya vijiti vilevile vya shaba vinavyobeba madabodi, ili kimo kiwe kimoja. Tukasogeza bodi milimita kwa milimita mpaka bati la kadi likakaa sawa na tundu la nyuma, skrubu ikaingia bila kulazimishwa. Ukiitazama kwa nyuma utadhani kadi imetoka kiwandani na kompyuta ile. Alinitoza shilingi 10,000 na akakataa kuongezwa.

Kabla ya kuichomeka nilisafisha meno ya dhahabu ya kadi kwa ufutio mweupe wa penseli, kisha spiriti kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari hili ni la lazima. Chumvi ya hewani inatia ukungu ambao hauonekani kirahisi, na nusu ya kadi zinazoitwa mbovu katika mji huu zinahitaji ufutio tu.

Upande wa programu nitasema wazi: kwa kadi hii nenda Linux. Draiva za mtengenezaji ziliishia enzi za Windows 7. Wapo wanaoziendesha kwenye Windows 10, lakini Microsoft imemaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye Windows 11 ule ulinzi wa kumbukumbu ukiwa umewashwa unaweza kuzuia draiva za zamani kabisa. Linux haina usumbufu huo. Draiva ya snd-ice1712 imo ndani ya mfumo tayari, hakuna cha kutafuta. Chipu kuu ya kadi, ICE1712 inayoitwa pia Envy24, ilibuniwa wakati RAM ilikuwa ghali, na inaweza kufikia megabaiti 256 za mwanzo za kumbukumbu peke yake. Kwenye kompyuta ya GB 16 hilo lingeweza kuwa tatizo, ila draiva inalijua na kuitengea kadi eneo lake humo humo. Waliotunza draiva hii miaka yote kwa ajili ya vifaa ambavyo dukani havipo tena, mimi nawashukuru kwa moyo wote.

Mambo mawili yatakuchanganya mwanzoni. Kadi inajitangaza kuwa na njia 12 za kuingiza sauti, usishtuke, za deki ni mbili za kwanza. Na viwango vya sauti havipangwi kwenye ile spika ya pembeni ya skrini, vinapangwa kwenye programu ya envy24control. Baada ya hapo fungua Audacity, programu ya kurekodi, chagua ALSA (mfumo wa sauti wa Linux), chagua kadi, rekodi. Kwenye BIOS nilizima pia ule upunguzaji wa umeme wa njia za PCIe unaoitwa ASPM. Adapta za aina hii hazipendi kulazwa na kuamshwa.

Mvumo nao ulikuwepo siku ya kwanza, ule wa umeme wa 50 Hz. Haukutoka kwenye adapta. Deki ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na kompyuta ukuta wa pili. Nilipozileta kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi, ukaisha.

Sasa matokeo. Bibi mmoja wa Pangani aliniletea TDK ya dakika 60, barua ya kaka yake kutoka Muscat. Nilimpa hedfoni asikilize faili ikiwa bado inaandikwa. Kaka anasalimia ukoo mzima kwa majina, anapumzika, na kwenye ule upumzikaji unasikia kiyoyozi kinanguruma kwa mbali, kikombe kinawekwa kwenye kisahani, mtu anasafisha koo. Bibi akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hivyo ndivyo alivyokuwa, hawezi kuanza neno bila kukohoa." Kwa vile vifaa vya plastiki, kikohozi hicho kingemezwa na ukelele. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nahangaika na kadi ya miaka ishirini na zaidi, namwekea kipande kama hicho asikilize mwenyewe.

Narekodi kanda za watu kwa biti 24 na kilohezi 96. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinataka angalau kilohezi 48 na biti 24, kwa hiyo niko juu ya kiwango. Gharama yake ni nafasi: kanda ya dakika 90 inakula takriban GB 3.1. Diski siku hizi si kikwazo.

Kwa kuwa watu wananiuliza ni vitu gani vingine vya kompyuta ya zamani nilivihamisha, nitapita haraka. Kasha, ndiyo, vipimo vya ATX ni vya tangu 1995 na bado vinatumika. Kisomeo cha DVD, ndiyo, ni cha SATA. Feni za pini tatu, ndiyo, zinaingia kwenye soketi ya pini nne. RAM hapana, ya DDR2 haiingii kwenye sloti ya DDR4, mkato wake uko pengine, wala usiilazimishe. Feni ya prosesa hapana: matundu yalikuwa yamekaa milimita 72 kwa 72 kwenye soketi ya LGA775 ya Core 2 Duo, kwenye LGA1700, soketi ya prosesa yangu mpya, ni 78 kwa 78. Diski ya IDE niliisoma kwa kigeuzi cha USB, nikanakili vilivyomo, nikaihifadhi. Pawa saplai ya zamani sikuigusa na sikushauri uiguse, hata kama inawaka. Kuweka pawa iliyochoka kwenye madabodi mpya ni kuhatarisha kila ulichonunua.

Adapta ilinigharimu shilingi 65,000 pamoja na usafirishaji, na ilichukua wiki kadhaa kufika. Kama huna kadi kabisa na unaanza leo kuhamisha kanda, usipite njia hii, nunua kifaa kizuri cha USB chenye viingilio vya laini, kitakupunguzia kazi. Lakini kama kadi unayo na unaijua sauti yake, kifaa cha USB cha kulingana nayo kitakugharimu mara kadhaa ya pesa hiyo.

Malalamiko yangu ni madogo lakini yapo. Kebo iliyokuja nayo ni fupi, na plagi yake kwenye kile kibodi cha PCIe haina kifungo cha kushikilia. Ukihamisha kompyuta inaweza kulegea, na kadi inatoweka hadi uwashe upya. Nimeibana kwa tai ya plastiki. Maelekezo hakuna, hata karatasi moja. Na matundu ya skrubu kwenye bodi ni madogo kuliko skrubu za kawaida za kompyuta, ikabidi fundi atafute za redio.

Sloti ya pili ya PCI iko wazi, nimeiacha kwa ajili ya kadi ya akiba. Audiophile 2496 za mtumba bado zinapatikana mtandaoni kwa bei ya chini, kwa sababu wengi wanaoziuza wanaamini haziwezi tena kutumika. Ukiiona, omba picha za pande zote mbili, angalia kapasita zisiwe na kichwa kilichovimba na meno yasiwe yamekwaruzwa hadi shaba. Ule mkia wa waya wa MIDI na sauti ya dijitali ukikosekana, usikuzuie kununua. Kwa kanda za kaseti hauhitajiki.